Mgonjwa wa Bondeni

"Na mundu wako huo ndio shahidi!" Nesi alifoka. "Nani mwingine mtaa huu anashinda bondeni na mundu?"

"Mundu nimeutundika ukutani tangu siku uliyonizungushia seng'enge," Mama Jamvi akamjibu kutoka upande wake. "Njoo uutazame, umeota kutu. Ukitaka kuunusa, unuse."

"Maua hayana miguu. Hayakuondoka yenyewe!"

"Basi nimeyapika? Nimeyala na ugali?"

"Umeyang'oa ukaenda kuyauza! Mwizi mkubwa wewe!"

Hapo ndipo milango ya mtaa ilipofunguka yote kwa pamoja. Mimi sikuhitaji hata kuinuka. Saluni yangu inatazamana na nyumba za wale wawili, na siku hiyo nilikuwa na mteja mwenye nywele za kutosha kunishikilia pale hadi jioni. Neno "mwizi" lilipotua, mteja wangu aligeuza shingo ghafla hadi kitana kikabaki hewani.

Mama Jamvi hakujibu. Huyu mwanamke ana jibu la kila kitu, hata la swali ambalo hujamuuliza. Aliingia ndani, akafunga mlango polepole. Ungemsikia anaubamiza ungesema kesho watapatana. Kuufunga vile, taratibu, ndiko kulikotutia hofu.

Wawili hawa wameishi kwa ukuta mmoja na chumvi moja. Nesi ni muuguzi mstaafu. Zahanati yetu ilimjua kwa sauti: akitoa kichwa mlangoni na kuita "Anayefuata!" hata aliyekuja kumsindikiza mgonjwa alijikuta amesimama. Mama Jamvi anafuma mikeka na majamvi ya ndago, yale majani marefu ya kwenye maji. Hakuna nyumba mtaani ambayo hujakalia kazi ya mikono yake. Zamani ukimtafuta mmoja ulianza kwa mwenzake, na mabakuli yao yalishachanganyika hadi hakuna aliyejua lipi la nani.

Kilichowatenganisha ni ua moja la bondeni.

Nyuma ya nyumba zao ardhi inashuka kwenye bonde lenye maji maji mwaka mzima. Ndago inaota humo hadi kifuani. Mvua kubwa ikishuka, bonde ndilo linaloinywa, ndiyo maana sakafu zetu ni kavu wakati mitaa mingine watu wanalala juu ya meza. Lakini ofisi ya mji ilipolitazama iliona kiwanja kitupu. Wakaleta vigingi, wakasema watamwaga kifusi na kupafanya maegesho ya malori. Afisa aliyesimamia jambo hilo tulimpa jina la Bwana Kifusi, maana hata ukimwamkia alikujibu kwa kifusi.

Sasa, misimu kadhaa nyuma, Nesi aliteremka bondeni kumtafuta kuku wake. Kuku hakumwona. Aliona ua: jeupe lenye ukijani, dogo, kama kijitu kilichonyoosha mikono na miguu kwa mshangao, na nyuma kimeachia mkia. Akalipiga picha kwa simu, akaituma kwa watu wanaosomea mimea. Jibu lilikuja maua yakiwa yameshanyauka. Walisema linafanana sana na okidi moja ya mabondeni iliyo adimu, ambayo mabonde yake mengi yameshakaushwa. Tatizo, ina ndugu yake anayeota kila mahali kama mbu, na kwa picha ya simu huwezi kuapa. Lazima mtaalamu alione ua kwa macho, likiwa limechanua. Likiwa lile adimu, bonde haliguswi. Likiwa lile la kawaida, malori karibuni. Ofisi ikakubali kusubiri.

Nesi alifanya alichokijua maisha yake yote. Mgonjwa mahututi anataka nini? Utulivu. Hakuna wageni, hakuna kelele, hakuna kumgusagusa. Akazungusha seng'enge eneo lote lililokuwa na maua, akatundika kibao: USIGUSE. Wa kwanza kutolewa wodini alikuwa Mama Jamvi na mundu wake.

Msimu uliofuata maua yalitoka machache, madhaifu, na mvua ikakata barabara mtaalamu asifike. Msimu huu hapakuwa na hata moja. Na kesho yake ndiyo siku ambayo mtaalamu alisema anakuja. Ndiyo maana Nesi alikuwa anatafuta wa kumlaumu, na ukuta wa karibu kuliko wote ulikuwa wa Mama Jamvi.

*

Mtaalamu tulimtarajia mzee mwenye miwani. Akashuka binti mwembamba, buti za mpira zimemzidi miguu, akitembea kila hatua ikisema *pwa, pwa*. Nyuma yake Bwana Kifusi, viatu vinang'aa, uso umeshaamua.

"Karibu, mwanangu," Nesi alisema, na sauti ile ya zahanati haikuwepo. "Lakini umechelewa. Yameibiwa."

Nilikuwa nimefunga saluni kwa dharura. Dharura yenyewe ilikuwa hii. Nusu ya mtaa ilishajipanga mteremkoni. Mama Jamvi naye alitoka, ila akasimama mbali, mikono kifuani, kwa mkao wa mtu anayepita tu ingawa hapiti.

Binti hakuuliza nani kaiba. Alipita chini ya seng'enge, akaipapasa ile ndago iliyosongamana, mbichi juu ya kavu, kavu juu ya iliyooza. Akapiga magoti kwenye matope. Akaanza kuitenga kwa vidole kama mimi ninavyotenga nywele kutafuta njia. Alikaa vile muda, kichwa kimezama, tunaona mgongo tu.

"Mama," akaita. "Njoo uone."

Nesi akainama. Chini kabisa, pasipofika mwanga, palikuwa na majani mawili yamelala bapa juu ya tope, moja huku na moja kule, kama viganja vilivyofunguliwa. Yalikuwa yamepauka.

"Ndio wenyewe?"

"Ndio wenyewe. Hawakuibiwa, hawakufa. Chini kuna kiazi kidogo bado kinapumua. Tazama, na hapa kuna mwingine. Na hapa. Wamekosa jua tu. Bila jua hawapati nguvu ya kutoa ua."

Nesi aliketi palepale kwenye maji, na gauni lake la heshima.

"Nieleze kitu," binti alisema, akiangaza macho kwetu sote. "Hii ndago zamani haikuwa hivi. Kulikuwa na ng'ombe humu? Au kuna mtu alikuwa anaikata?"

Shingo zote, na yangu ikiwa ya kwanza, ziligeukia sehemu moja.

"Mimi," Mama Jamvi alisema. "Mwizi mkubwa ndiye mimi."

"Ulikuwa unakata lini?"

"Kiangazi. Ndago ya mvua inaoza hata kabla hujaifuma. Mambo ya maua mimi siyajui na sikuyataka, kwanza yakishakauka yalikuwa yananiganda kwenye matita."

Binti akacheka, mara ya kwanza. "Kiangazi kiazi kiko chini kimelala, mundu haukigusi. Unamwondolea kivuli, na ile taka unaibeba kwenda nayo nyumbani. Mvua ikija anakuta dari limefunguliwa. Ulikuwa unamlea bila kujua."

"Kwa hiyo," Nesi alisema kwa sauti ndogo, "mimi ndiye niliyemziba pumzi mgonjwa."

"Usijilaumu, mama. Hata sisi tumewahi kufunga bonde kwa nia njema, tukarudi tukakuta nyasi tupu. Ndipo tulipojifunza."

Bwana Kifusi akakohoa. "Turudi kwenye jambo. Ua lipo au halipo?"

"Mmea upo."

"Ni ule adimu?"

"Kwa majani siwezi kusema. Hawa ndugu majani yao ni pacha. Tofauti iko nyuma ya ua, kwenye mkia, ule mrija unaobeba asali. Wa kawaida ana mkia mfupi, umevimba mwishoni kama tone. Yule adimu mkia wake ni mwembamba kama uzi, na mrefu, mrefu sana, maana anamtegemea nondo mwenye ulimi mrefu. Lazima nilione ua."

Bwana Kifusi alitazama vigingi vyake, akatazama lile gauni lililoloa. "Nawapa mvua moja zaidi. Ikipita bila ua, nakuja na kifusi, na asiniambie mtu neno."

*

Basi kila kitu kikawa mikononi mwa Mama Jamvi. Na Mama Jamvi hakuonekana kuwa na haraka ya kuinyoosha hiyo mikono. Kiangazi kiliingia, bonde likaanza kukauka pembezoni, mundu uko ukutani. Nesi alituma salamu kupitia kwangu.

"Mwambie mwizi hashiki mundu," Mama Jamvi alinijibu.

Nikapeleka. Nesi akatuma nyingine. Nikarudisha. Nilikwenda na kurudi kati ya milango ile miwili hadi nikajiona posta. Mwisho nikamwambia Nesi, dada yangu, mimi nasuka nywele, maneno haya yasuke mwenyewe. Kesho asubuhi huyu mtu anakuja kwangu kusukwa. Na aliyesukwa nusu kichwa hawezi kukimbia.

Nesi akaja kweli. Nilikuwa nimemaliza upande mmoja wa Mama Jamvi, misuko imelala vizuri, upande wa pili nywele zimesimama kama zimeona jini. Benchi limejaa: wateja, majirani, na wale ambao nywele zao hazina shida yoyote bali masikio ndiyo yana njaa. Nesi akasimama mlangoni. Mama Jamvi alimwona kwenye kioo, akataka kuinuka, nikamshika msuko.

"Niachie."

"Ukitoka hivi, jirani, mtaa utasema umefumaniwa."

Akakaa. Nesi akasogea, akainama sikioni kwake, akanong'ona kitu.

"Sisikii," Mama Jamvi alisema kwa sauti ya kutosheleza uwanja wa mpira. "Uliponiita mwizi hata viziwi walisikia. Pole mbona inanong'onwa?"

Kuna aliyecheka kwenye benchi, akafinywa. Nesi alinyooka. Nilimwona anavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu niliisikia ile sauti ya zahanati.

"Nisikilizeni nyote! Huyu mama si mwizi. Nilimtukana mbele ya watu na nilikosea mbele ya watu. Mgonjwa alikuwa mzima mikononi mwake, mimi nikaja nikampa dawa isiyo yake. Nimeshang'oa seng'enge, mikono hii hapa, itazameni." Kweli ilikuwa imechanika. "Jirani, nisamehe. Nakuomba ukate."

Mama Jamvi alijitazama kwenye kioo muda mrefu, ile nusu iliyosukwa na ile nusu iliyoona jini.

"Hiyo mikono umeipaka nini?" akauliza.

"Sijapaka."

"Nesi mzima!" Akatikisa kichwa, na nusu ya nywele zikatikisika naye. "Haya. Msusi, malizia haraka. Mundu wenyewe unataka kunolewa kwanza."

Hakusema amesamehe. Kwa kweli hadi leo hajalisema hilo neno. Lakini jioni ile sauti ya jiwe la kunolea ilitoka uani kwake, *shwaa, shwaa*, na mtaa mzima ukashusha mabega.

Walikata pamoja. Binti wa mimea alikuwa ameacha maelekezo: kateni ndago majani yale mawili yakishanyauka yenyewe, pitieni juu ya mbao msikanyage tope, taka yote itoke nje ya bonde, na mbali kule kwenye maji mengi muache ndago isimame kwa ajili ya ndege. Mama Jamvi alikata, Nesi alibeba. Alibeba vibaya. "Hilo tita au kitanda?" "Wewe kata, usinichungulie." Walikuwa wanagombana tangu asubuhi hadi jua kuzama, na hakuna aliyetoka nje kutazama, maana ugomvi wa namna hiyo hauna utamu wowote kwa jirani.

*

Mvua zilichelewa. Kisha zikaja zote kwa pamoja, tukadhani bonde limefagiliwa. Maji yalipotulia, Nesi akawa anashuka kila asubuhi na kusimama juu ya mbao, mikono nyuma, kama yuko kwenye raundi ya wodi.

"Umeamkaje?" tulimsikia akiyauliza majani.

"Mwache mgonjwa alale!" Mama Jamvi alipaza sauti kutoka uani. Lakini mimi nilimwona na yeye, alipodhani hakuna anayemtazama, akishuka na ndoo isiyo na kitu akijifanya anafuata maji.

Majani yalitoka kijani, manene, kila mahali. Kisha mabua. Kisha vitumba, vimejipanga juu ya bua kama watoto kwenye ngazi. Tukampigia simu binti. Safari hii barabara ilikuwa nzima, na asubuhi aliyofika vitumba vilikuwa vimefunguka, bonde limejaa vile vijitu vyeupe vyenye ukijani, vyote vimenyoosha mikono kama vinashangilia kitu ambacho sisi bado hatujakijua.

Maana kuchanua peke yake hakukutosha. Linaweza kuwa lile la kawaida. Bwana Kifusi alisimama kando, na nyuma yake vigingi vyake vikiwa bado vimesimama.

Binti alilala kifudifudi juu ya mbao. Alitoa kioo cha kukuzia, akatazama mdomo wa ua. Akatazama bua. Akatoa rula ndogo, ile wanayotumia kupimia mikia ya wale wa kawaida, akaiweka nyuma ya ua taratibu kama anampima mtoto mchanga.

Nesi alimshika mkono Mama Jamvi. Mama Jamvi aliuacha ushikwe.

"Vipi?" Ni Bwana Kifusi aliyeshindwa kuvumilia. Alikuwa amejisogeza hadi viatu vyake vinavyong'aa vimezama topeni bila yeye kujua.

"Rula imekwisha," binti alisema.

"Imekwisha vipi?"

"Rula imefika mwisho. Mkia bado unaendelea."

Tuliinama wote. Ni kweli. Ule mkia, mwembamba kama uzi wa cherehani, ulishuka kando ya rula, ukafika mwisho wake, ukaipita, ukaning'inia chini kwa raha zake.

"Ndiye," binti alisema, na hapo sauti yake ikakatika. Alijigeuza chali juu ya ile mbao, kioo kiko kifuani, akawa anaitazama mbingu na kucheka peke yake.

Sijui nani alipiga kigelegele cha kwanza. Inawezekana ni mimi. Mteremko wote ulilipuka, na Nesi alilia kwenye bega la Mama Jamvi, akilia kwa kelele kama mtoto anayechomwa sindano, na Mama Jamvi akimpigapiga mgongo, "Basi, basi, imeshaingia, imeshatoka."

Bwana Kifusi alikwenda kwenye kigingi cha kwanza. Akakishika kwa mikono miwili, akakitikisa, akaking'oa. Akaenda kwenye cha pili.

"Nitaandika ripoti leo," alisema. "Hapa haliji lori." Kisha, akiwa amebeba vigingi kama kuni, akaongeza kwa sauti ya chini: "Mama yangu amejenga kule chini kwenye mteremko. Tangu mpango huu uanze nilikuwa najiuliza, tukilifukia hili bonde, haya maji yote yataingia nyumba ya nani. Nilikuwa silali."

"Na ulivyokuwa unatutisha!" nikamwambia.

"Kazi ni kazi, dada." Lakini alikuwa anatabasamu, na sikuwa nimewahi kujua kama ana pengo.

*

Hadi watu walipomaliza kutawanyika, harufu ya wali na samaki ilikuwa imeshapanda kutoka nyumba ya Mama Jamvi. Alikuwa ametandika uani jamvi jipya, kubwa, lenye ukijani bado, la ndago ya kiangazi kile. Binti wa mimea alikuwa ameshakalishwa, buti zake zimesimama mlangoni kama askari wawili. Bwana Kifusi alikuwa ananawa. Mimi sikusubiri kuitwa, kwa sababu mimi sijawahi kuitwa popote na sijawahi kukosa.

Nesi alikuwa amekwenda kwake kubadilisha gauni. Alirudi na bakuli mikononi. Akafika mlangoni kwa Mama Jamvi, akasimama. Tangu lile neno "mwizi" litamkwe, kizingiti kile hakuwa amekivuka. Saluni kwangu walikutana, bondeni walifanya kazi pamoja, lakini ndani ya nyumba, hapana. Alisimama pale, akilitazama bakuli.

"Hili nadhani ni lako," alisema. "Au ni langu. Sikumbuki."

Bwana Kifusi alisita, maji yanamtiririka viwikoni. Mama Jamvi alikuwa ameinamia sufuria, anapakua, na hakugeuka. Alipakua sahani moja, akaiweka. Akapakua nyingine, akaiweka, na pembeni yake akasogea kidogo kuacha nafasi ya mtu mmoja. Kisha akainua kichwa, akakaza shingo, na kwa sauti ambayo zahanati nzima ingeitambua akaita:

"Anayefuata!"

Nesi aliruka. Sisi tukaangua kicheko.

"Umesimama mlangoni kama huna kadi," Mama Jamvi alisema. "Lete hilo bakuli nitilie mchuzi, vua viatu, uingie ule. Wali unapoa."